Ramani ya Kirusi Ndani ya Chanjo ya Mtoto

Mtoto wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji huchanjwa dhidi ya homa ya ini B afikapo wiki 6, 10 na 14. Nyuma ya chanjo hiyo ipo kazi ya kuchora ramani ya kirusi.

Jenomu ya kirusi hiki ni duara dogo la DNA lenye herufi takriban 3,200. Mwaka 1975, mjini Philadelphia, Jesse Summers na wenzake waliikata kwa vimeng'enya vya bakteria. Kila kimeng'enya hukata pale tu kinapokuta mfuatano wake maalumu wa herufi. Urefu wa vipande ukafichua muundo wa jenomu. Baadaye jeni ya protini ya ganda la kirusi ilitambuliwa na kupandikizwa katika hamira, ambayo sasa huzalisha protini hiyo pekee. Mwili hujifunza kujikinga pasipo kuambukizwa.

Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo hii mwaka 2002. Miongoni mwa watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na kirusi mwilini, na baadhi yao hupata saratani ya ini ukubwani. Hivyo, mzazi aliyekosa boti ya kumfikisha kliniki asikate tamaa: dozi huendelezwa ilipoishia, haianzwi upya.