Jinsi ya Kutuliza Pumzi Kifua Kinapobana

Mtu mwenye pumu, au aliyebaki na makovu ya mapafu baada ya kuugua kifua kikuu, hushikwa na hofu pumzi inapopungua. Hofu humfanya apumue harakaharaka. Hewa iliyomo mapafuni haipati nafasi ya kutoka, na kifua huzidi kubana. Ndiyo maana kutulia ni sehemu ya matibabu.

Mwenye inhela aitumie kwanza kama alivyoelekezwa. Kisha:

• Aketi akiinama mbele kidogo, viwiko vikiegemea magoti, mabega yakilegea.
• Avute hewa polepole kwa pua akihesabu hadi 2.
• Abane midomo kama anayepuliza chai ya moto, atoe hewa akihesabu hadi 4.
• Arudie mpaka pumzi itulie.

Zoezi hili lifanywe kila siku, hata pumzi ikiwa sawa, ili lisiwe geni siku ya shida. Jamaa wasimzonge mgonjwa. Wamwondoe penye moshi wa jiko.

Zoezi halichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au inhela isiposaidia, apelekwe hospitalini mara moja.