Mwindo na shamba la ndizi la siku moja

Wandugu, wengi wetu tunamjua Thor na Odin kwa sababu ya filamu. Ukimuuliza mwanafunzi hapa Katoyi habari ya Valhalla, atakuambia mashujaa wanakula karamu kila siku. Ni kweli. Nguruwe Sæhrímnir anapikwa, analiwa, na jioni amekuwa mzima tena. Mbuzi Heiðrún anatoa pombe kwenye chuchu zake. Mimi mtu wa kilimo najiuliza tu: kule nani analima?

Tuje kwetu, kwa Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke alihadithia utenzi wa Mwindo kwa siku 12, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakautoa kitabu. Humo chakula kinaweza kuwa mtego.

Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake Shemwindo, aliyetaka kumuua juu amezaliwa mtoto mwanaume. Kahindo, binti wa Muisa mwenye kuzimu, anamuonya mapema: baba akikupa kiti, kataa, akikupa pombe ya ndizi, kataa, bugali pia, kataa. Fikiria mugeni anaingia nyumba ya mama yako na anakataa bugali! Kwetu hiyo ni matusi. Kule ndiyo kupona.

Halafu Muisa anamupa kazi: fyeka msitu, panda migomba, palilia, tegemeza, uniletee ndizi zilizoiva. Kwa siku moja! Sisi tunajua mgomba unaomba kama mwaka mzima, na udongo wenye mbolea. Ndiyo maana nafikiri wasikilizaji wa Rureke walicheka hapo, juu walikuwa wakulima. Panga za Mwindo zinalima zenyewe, na ndizi zinaiva siku ileile. (Leo panga inayotembea hivyo, toka mgomba mpaka mgomba bila kupitishwa kwenye moto, ndiyo inasambaza kirabiranya, ule mnyauko wa bakteria uliomaliza mashamba mengi huku Kivu. Mutu akikuazima panga, uichome kwanza.)

Hata hivyo, angalia tofauti na Valhalla: kuzimu ya Wanyanga nayo iko na kulima.

Karamu inayoleta shida kubwa inakuja mwishoni. Joka Kirimu anawameza Wambuti wa Mwindo. Mwindo anamuua, na watu wanamula. Harufu inapanda mpaka kwa Nkuba, mwenye radi, na Kirimu alikuwa rafiki yake. Nkuba anamupandisha Mwindo mbinguni mwaka mmoja: baridi, mvua, jua kali. Anakatazwa kuua tena mnyama yeyote, awe wa msituni ao wa kijijini.

Akirudi Tubondo anawakusanya watu na kutoa sheria zake. Kabla ya kuwaambia wasigombane, kabla ya kuwakataza wake za watu, anawaambia walime vyakula vya kila namna, tena vingi.