Je, Wajua? Wiki Moja Unguja Hupangwa kwa Upepo, Mvua na Mwezi

Hali ya hewa ya Unguja hufuata pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ikileta joto. Kusi hutawala Juni hadi Septemba: hewa hupoa, lakini bahari huchafuka pwani ya mashariki, na wapiga mbizi wa kisiwa cha Mnemba huwa na siku za kukosa kuzamia. Wapenda tiara za kuteleza majini huko Paje, kinyume chake, huifurahia Kusi. Kati ya pepo hizo huja masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua za vuli mara nyingi hunyesha saa chache kisha jua likatoka. Masika ndiyo ya kuogopwa, na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, hutokea mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku saba hivi baadaye huwa maji mafu, yaani kujaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua, maji ya Paje na Jambiani hupwa mbali mnamo saa nne asubuhi, mgeni akabaki na mchanga na mashamba ya mwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini, huogeleka karibu saa zote.

Safari ya mashua isiachiwe siku ya mwisho ya wiki hiyo: ipangwe mwanzoni, ili ikiahirishwa kwa upepo ibaki nafasi. Mji Mkongwe unafaa siku yoyote ya mvua. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania uangaliwe kila siku.