UJIRA WA HAKI NA HESHIMA KWA WALEZI WA WATOTO MAJUMBANI

Makala haya yanakusudia kuwafafanulia watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba kwa jumla juu ya kazi ya mlezi anayewapokea watoto wa wenzake nyumbani kwake, sababu zinazoufanya ujira wake uwe mdogo, na hatua zinazoweza kuchukuliwa ili kazi hiyo ilipwe kwa haki na kuheshimiwa kama kazi nyengine za ujuzi.

Mlezi wa nyumbani ni nani?

Inafaa kwanza tupambanue. Yaya hufanya kazi katika nyumba ya mwajiri wake. Mwalimu wa skuli ya maandalizi hufundisha skuli. Mlezi anayezungumzwa hapa ni yule aliyefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Huwapokea watoto wanne, watano au zaidi kutoka familia mbalimbali tangu asubuhi. Huwalisha, huwaosha, huwalaza, huwachezesha na kuwafunza maneno na adabu hadi wazazi wao watakapotoka kazini.

Likizo ya uzazi humalizika mtoto akiwa bado mchanga, na skuli ya maandalizi humpokea akiwa na umri wa miaka 4. Baina ya nyakati mbili hizo ipo miaka mitatu na zaidi ambayo mzazi aliyeajiriwa hana budi kumpata mtu wa kumwachia mwanawe. Zamani mzigo huo ulibebwa na bibi, shangazi au jirani. Siku hizi wengi wao nao wamo sokoni, katika kilimo cha mwani na maofisini. Kwa hiyo, asubuhi ambayo mlezi hakufungua mlango wake, kuna muuguzi asiyefika wodini na mwalimu asiyefika darasani.

Kwa nini ujira wake ni mdogo?

Sababu ya kwanza ni mazoea. Ulezi huhesabiwa kuwa ni tabia ya mwanamke na si kazi aliyojifunza. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba watu hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi za matunzo zisizolipwa, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Jambo lililozoeleka kufanywa bure ndani ya nyumba huwa zito kulitia thamani linapofanywa kwa ajili ya mtu mwengine. Malipo ya mlezi basi huonekana kama shukrani, nayo shukrani haina kiwango wala tarehe.

Sababu ya pili ni nafasi yake katika sheria. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, imejengwa juu ya mkataba baina ya mwajiri na mwajiriwa. Mkataba wa Kimataifa Namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, nao unamkusudia mtu mwenye uhusiano wa ajira. Mlezi anayepokea watoto wa familia tano hana mwajiri mmoja. Kila mzazi hujiona mteja tu, na hakuna anayejiona anawajibika kwa likizo yake, maradhi yake au uzee wake.

Sababu ya tatu ni kipato cha wazazi wenyewe. Si haki kusema kwamba kila anayelipa kidogo ni bahili. Wapo wazazi ambao hata wakilipa ada ndogo, sehemu kubwa ya mshahara wao huondoka.

Hesabu inavyokwenda

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei iliyowekwa na mtu yeyote. Mlezi ana watoto watano, na kila mmoja hulipiwa shilingi 2,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 10,000. Akitoa shilingi 4,000 za uji, maziwa, makaa, sabuni na maji, hubakiwa na shilingi 6,000. Amefanya kazi tangu saa 1 asubuhi hadi saa 10 alasiri, yaani saa tisa. Ujira wake kwa saa haufiki shilingi 670.

Siku ambayo watoto wawili hawakuja na wazazi wao hawakulipa, hupata shilingi 6,000. Hata matumizi yakishuka hadi shilingi 3,000, hubakiwa na shilingi 3,000 kwa saa zile zile tisa, kwani watoto watatu waliobaki hawawezi kuachwa peke yao. Ujira wake umepungua kwa nusu bila ya kosa lake.

Ili kuziba pengo hilo, mlezi huongeza watoto. Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mlezi peke yake. Macho ya mtu mmoja hayatoshi kwa watoto kumi, wengine wachanga na wengine watambaao, katika nyumba yenye jiko la makaa, ndoo za maji na mlango unaotazama barabara. Anayelipa ada isiyotosha huona amepunguza gharama. Kwa hakika amepunguza uangalizi wa mtoto wake.

Nchi nyengine zimefanya nini?

Nchini Kolombia, Serikali ilianzisha katika miaka ya 1980 mpango wa wanawake wa mitaani kuwalea watoto wa jirani katika nyumba zao. Kwa miaka mingi wanawake hao walihesabiwa kuwa wa kujitolea na walipewa posho tu. Baada ya madai ya muda mrefu, sheria ya Disemba 2012 na amri ya Februari 2014 ziliwapatia mikataba ya kazi yenye mshahara usiopungua kima cha chini, pamoja na hifadhi ya jamii. Hata hivyo, waliokwisha kuzeeka kabla ya hapo walibaki na miaka mingi ya kazi isiyo na michango ya pencheni.

Katika jimbo la Quebec, Kanada, mpango ulioanza mwaka 1997 ulimtaka mzazi alipe dola 5 kwa siku, na Serikali ikabeba gharama iliyobaki. Mwaka 2003 sheria iliwaondolea walezi wa majumbani haki ya kuungana kwa kusema kwamba wao si waajiriwa. Mahakama iliitengua sheria hiyo Oktoba 2008, na mwaka 2009 ikapitishwa sheria iliyowaruhusu, wakiwa bado wamejiajiri, kujadiliana na Serikali kupitia vyama vyao.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, ada ya mzazi peke yake aghalabu haitoshi kumpa mlezi ujira wa haki. Pili, kuchelewesha michango ya uzeeni ni hasara isiyorejeshwa kwa urahisi.

Heshima ya ujuzi

Heshima haiishi katika maneno mazuri. Mpango wa skuli za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa na kufika Zanzibar mwaka 1990, uliwachukua wanawake wa mitaa yetu, ukawapa mafunzo na kuwafuatilia kazini hadi wakawa walimu wanaotambulika. Mlezi wa nyumbani naye anaweza kujifunza huduma ya kwanza, usafi wa chakula na makuzi ya mtoto. Akishajifunza, ujuzi huo uonekane katika malipo yake.

Hatua zinazoshauriwa

(a) Mzazi akubaliane na mlezi kwa maandishi juu ya ada ya mwezi, siku ya kulipa, saa za kazi na malipo ya kuchelewa. Ada isikatwe kwa siku ambayo mtoto hakuja, kwani nafasi yake imewekwa.

(b) Mlezi aweke daftari la mahudhurio na matumizi, na aweke kikomo cha watoto anaoweza kuwaangalia. Aulizie pia katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar (ZSSF) juu ya uchangiaji wa hiari kwa waliojiajiri.

(c) Walezi wa shehia moja wakutane na kukubaliana juu ya kiwango cha chini cha ada, ili mmoja asitumiwe kumshusha mwenzake.

(d) Wakuu wa ofisi wazingatie kwamba mtumishi anayezuiliwa kazini baada ya saa zake anamzuia na mlezi, ambaye saa hiyo halipwi.

Wazee wetu walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo husemwa sana harusini na katika arubaini. Wananchi wanaombwa waikumbuke pia mwisho wa mwezi, wanapohesabu fedha za kumlipa mlezi.