Baiskeli na Kimo cha Mwendeshaji

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hekima hii husahaulika tununuapo baiskeli: hutazamwa rangi na bei, na hatimaye magoti ndiyo yanayogharamika.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni fremu, kwa kuwa kiti na usukani hurekebishika ilhali fremu haibadiliki. Simama wima, paipu ya juu ikiwa kati ya miguu na nyayo zote zikiwa chini. Pasipobaki nafasi ya sentimita mbili hadi tano baina ya paipu na kinena, baiskeli hiyo imekuzidi. Ndiyo maana mtoto apandapo baiskeli ya babake hulazimika kupenyeza mguu chini ya paipu.

Jambo la pili ni kimo cha kiti. Pima mguu bila kiatu, kutoka kinenani hadi sakafuni, kisha uzidishe kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya mhimili unaozungushwa na pedali hadi juu ya kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 atahitaji takriban sentimita 71. Asiye na futi ya kupimia aketi kitini na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu wapaswa kunyooka.

Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga huyumba na maumivu huhamia nyuma ya goti. Basi, tuupime mwili kabla ya kuipima bei.