Nukta Islam, Nukta Halal: Nani Mwenye Jina?

Mama anayenunua biskuti dukani huigeuza pakiti na kuitafuta alama ya halali kabla hajatazama bei. Alama ile peke yake ni wino tu. Thamani yake inatokana na aliyeipiga: kwamba anajulikana, anaweza kuulizwa, na anaweza kuiondoa ikidhihirika kuwa mwenye bidhaa amehadaa watu. Sasa na tuchukulie kuwa alama hiyo imehama kwenye pakiti na kuingia katika anwani ya tovuti, ikawa duka lolote la mtandaoni laweza kumalizia jina lake kwa nukta halal. Ni nani atakayeulizwa hapo? Na ni nani aliyempa ruhusa ya kuliuza neno hilo?

Suala hili si la kubuni. Lilikaa mezani pa wasimamizi wa intaneti kwa miaka sita, kuanzia 2012 hadi 2018, na serikali kadhaa za Kiislamu ziliingia katika mvutano wake. Huku kwetu Pwani habari hizi hazikufika barazani wala msikitini, ingawa jina lililogombaniwa ni letu sote.

Kwanza tufahamu namna majina haya yanavyoendeshwa. Kompyuta huisoma anwani ya tovuti kuanzia kulia, mfano wa msomaji wa Kiarabu. Herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho ndizo mlango mkubwa: com, org, au ke ya Kenya yetu. Kila mlango una msimamizi wake anayetunza daftari la majina yaliyo chini yake na kutoza ada. Juu ya milango yote lipo daftari moja kuu la dunia, na anayelisimamia ni shirika lisilo la faida liitwalo ICANN, lililoasisiwa California mwaka 1998. Hadi tarehe 1 Oktoba 2016 shirika hilo lilifanya kazi hiyo chini ya mkataba wa Wizara ya Biashara ya Marekani. Tangu hapo serikali hiyo imeondoa mkono wake. Serikali za dunia zina kamati ndani ya ICANN, lakini ni kamati ya ushauri. Husikilizwa, na bodi ikienda kinyume na ushauri waliouafiki wote hulazimika kueleza sababu. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho ni wa bodi.

Milango ya nchi haina utata mkubwa. Herufi mbili za kila nchi zimeshapangwa katika orodha ya kimataifa, na za kwetu zimo katika daftari kuu tangu 1993, zikisimamiwa leo na KENIC. Mnamo Mei 2010 Misri, Saudia na Falme za Kiarabu zilikuwa za kwanza kupata milango ya nchi kwa hati isiyo ya Kilatini, kwa Kiarabu, na hakuna aliyeuliza kama Misri ina haki na jina la Misri. Lakini neno Uislamu halimo katika orodha ya nchi yoyote.

Mwaka 2012 ICANN ilifungua mlango wa maombi ya majina mapya. Yeyote mwenye dola 185,000 za ada aliweza kuomba, na maombi 1,930 yalipokewa. Miongoni mwao kampuni ya Uturuki, Asia Green IT System, iliomba .islam na .halal. Vatikani nayo iliomba .catholic kwa hati nne, Kiarabu ikiwamo. Saudia ilipinga mengi katika majina hayo, hata hilo la Wakatoliki, ikisema kuwa wapo Wakristo wengine wanaolitumia neno hilo. Vatikani ilipewa jina lake. La Uislamu likakwama.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kanisa Katoliki lina mkuu mmoja na ofisi moja; likisema, limesema. Sisi hatuna ofisi ya namna hiyo. Hata mwezi wa Ramadhani hutugawa katika mtaa mmoja: huyu amngoja Kadhi Mkuu, yule afuata Saudia, na dada zetu jikoni hawajui wapike daku au wasubiri. Umma unaotofautiana juu ya mwandamo hauwezi kumtaja kwa urahisi msemaji wake mbele ya bodi ya California.

Falme za Kiarabu na India zilitoa tahadhari ya mapema mwishoni mwa 2012. Aprili 2013, katika kikao cha Beijing, wanakamati kadhaa wa serikali walisema kuwa maombi hayo hayana ushirikishwaji wala uungaji mkono wa kutosha wa jamii inayohusika. Falme pia zilikuwa zimefungua pingamizi rasmi, na mtaalamu aliyepewa kuliamua akalikataa mwezi Oktoba mwaka huo. Mwezi uliofuata Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, Ekmeleddin İhsanoğlu, naye mwenyewe Mturuki, akaiandikia ICANN kwa niaba ya nchi 57 kuyapinga majina hayo. Februari 2014 bodi ikayasimamisha hadi wagombanao wapatane.

Kampuni nayo ilikuwa na hoja zake. Ilipata barua za kuungwa mkono na baadhi ya taasisi za Waislamu, na iliahidi kulinda jina lisitumiwe kuutukana Uislamu. Ilipeleka shauri mbele ya jopo la wasuluhishi huru, na Novemba 2017 jopo likaona kuwa ICANN ilikosea kuyaning'iniza maombi bila ya kukubali wala kukataa. Bodi ikalazimika kusema neno moja, na tarehe 3 Oktoba 2018 ikaamua kuwa maombi yote mawili hayaendelei.

Rai yangu ni kwamba uamuzi ulikuwa sawa. Jina la dini limefanana na ardhi ya wakfu: wengi hunufaika nalo, na mutawalli wake huwa mwangalizi, hawi mmiliki. Kampuni ya biashara, hata ikiwa ya Waislamu wema, leo ina wenye hisa hawa na kesho yaweza kununuliwa na wengine. Neno halali ni zito zaidi, kwani mnunuzi huliamini na kulitia tumboni mwa wanawe.

Pamoja na hayo, sikubali kuwa serikali zilipinga kwa ajili ya dini tu. Kampuni hiyo hiyo iliomba .persiangulf, na Baraza la Ushirikiano la Nchi za Ghuba likapinga, kwani jina la ghuba ile ni ugomvi mkongwe baina ya Waarabu na Iran. Iliomba pia .shia, ikapewa, na mlango huo upo hadi leo. Siasa za mipaka zilikuwamo, na kuzifunika kwa kanzu ya dini si uadilifu.

Tena hao waliosema kwa niaba yetu, walitujua? Uganda, Somalia, Komoro na Msumbiji ni wanachama wa OIC. Kenya si mwanachama, wala Tanzania. Zanzibar ilijiunga mwishoni mwa 1992 na mwaka uliofuata ikalazimika kujitoa. Kwa hiyo Mwislamu wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga na wa Unguja hakuwamo katika hesabu ya zile nchi 57. Ikiwa jina ni la umma mzima, hesabu ya serikali haitoshi. Wamo ulamaa, wamo wenye vyeti vya halali, wamo kina mama ambao ndio wasomaji wakuu wa alama ile.

Jambo hili halijafungwa. Uamuzi wa 2018 ulihusu maombi ya kampuni moja, haukuwa hukumu juu ya maneno yenyewe, na ICANN imetangaza awamu mpya ya maombi kuanzia tarehe 30 Aprili 2026, kwa ada ya dola 227,000. Kenya ina kiti katika ile kamati ya serikali, na mjumbe wake hawezi kuyasema maoni yetu ikiwa hatujampa. Wenye kulazimika kumpelekea ni taasisi zetu za ulamaa na wenye kutoa vyeti vya halali nchini. Katika awamu ya 2012 pingamizi rasmi lilikuwa na gharama, lakini maoni ya kawaida juu ya ombi lolote yalipokewa bure kutoka kwa mtu yeyote, ilimradi yafike ndani ya muda uliowekwa baada ya orodha ya waombaji kutangazwa. Hata Saudia, pamoja na utajiri wake, ilipita njia hiyo hiyo.