Tairi la Lami na Vumbi

Mteja anayeingia duka la vipuri vya baiskeli kutafuta tairi huanza na meno. Analigeuzageuza, anapitisha kidole juu ya vinundu vya mpira, na vikiwa virefu na vikali anaamini amepata kitu cha kazi. Muuzaji naye analijua hilo, ndiyo maana matairi yanayoning'inia mbele ya duka ni yale yenye sura ya trekta. Lakini kama baiskeli yako ya milimani inakupeleka kazini kwa lami wiki nzima, kisha Jumamosi unapanda nayo vijia vya vumbi kwenye miteremko ya Mlima Meru au vilima vya Pugu, meno ni jambo la kutazama mwishoni. La kwanza liko ubavuni mwa tairi, kwa maandishi madogo ambayo mara nyingi yamefunikwa na vumbi la duka.

Yatakuwa kama hivi: 26 x 1.95, na kando yake 50-559. Namba za mbele ni za mazoea, zile za nyuma ndizo za kweli. Hamsini ni upana wa tairi lililojaa upepo, kwa milimita. Hiyo 559 ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa, nayo ndiyo ya kuikariri, maana kumwambia muuzaji "nataka ishirini na sita" hakutoshi. Baiskeli nyingi za kawaida za mtumba zina tairi la 26 x 1 3/8, ambalo kipenyo chake ni 590. Yote mawili yanaitwa ishirini na sita, lakini yanapishana milimita 31: la mlimani haliingii kwenye rimu ya mwenzake hata ulipake sabuni, na lile jingine likivalishwa rimu ya mlimani linapwaya na kuchomoka. Kanuni ya mafundi ni nyepesi. Kama tairi kuukuu limeandikwa kwa nukta, usilibadilishe kwa lililoandikwa kwa sehemu.

Baiskeli mpya zaidi za milimani hutumia 584, ambayo madukani huitwa 27.5, au 622, inayoitwa 29. Phoenix ya babu, yenye 28 x 1 1/2, ni 635 na haihusiani na yoyote kati ya hizo. Hapa kuna faida ambayo wenye magurudumu ya 29 wengi hawaijui: 622 ni kipenyo kilekile cha matairi ya 700C ya baiskeli za barabarani. Rimu yako isipokuwa pana mno, tairi la 700 x 40 litakaa bila tatizo, na kwenye maduka yanayouza vipuri vya baiskeli za mjini mara nyingi utalipata kwa bei nafuu kuliko lile lililopambwa maneno ya milimani.

Hiyo 26 ya milimani haikutokana na hesabu ya mhandisi. Vijana wa kaunti ya Marin, kaskazini mwa San Francisco, akina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walipoanza mwaka 1976 kushindana kuteremka njia ya mlimani waliyoiita Repack, walitumia baiskeli kuukuu za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 kwa sababu ndizo pekee zilizokuwa na matairi manene. Mtengenezaji wa baiskeli Frank Schwinn ndiye aliyeyaingiza sokoni mwaka 1933, yakiwa na kipimo cha 26 x 2.125. Wale vijana wakarithi rimu, ulimwengu mzima ukawarithi wao.

Ukishapata tairi linaloingia, swali linalofuata ni litakula nguvu zako kiasi gani. Kila sehemu ya tairi inapofika chini hubonyezwa, na inapoondoka hujirudisha. Mpira haurudishi yote uliyoupa: sehemu ya nishati hupotelea ndani yake kama joto. Kadiri mpira unaobonyezwa unavyokuwa mnene, na kadiri unavyobonyezwa zaidi, ndivyo unavyozidi kula. Na meno ni mpira mnene unaopinda huku na huku kila gurudumu linapozunguka.

Chukua mwendeshaji ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 90, akienda kilomita 20 kwa saa kwenye lami tambarare. Tairi laini lililotengenezwa vizuri humrudisha nyuma kwa nguvu ya kama sehemu 5 katika kila 1,000 za uzito huo. La meno marefu linaweza kufika sehemu 12. Ukipiga hesabu, la kwanza linamdai wati 25 hivi, la pili karibu 60. Mtu wa kawaida asiye mwanariadha anayeendesha kwa starehe hutoa wati mia moja na kitu. Kwa hiyo yule mwenye meno marefu anatoa theluthi ya jasho lake la asubuhi kwa ajili ya matope ambayo hayapo barabarani, na ule mlio wa kuvuma unaousikia akikupita ni sehemu ya gharama hiyo.

"Lakini mvua ikinyesha?" Hili ndilo swali linalouza meno mengi kuliko yote. Gari hutaka mifereji kwenye tairi kwa sababu linaweza kuelea juu ya maji. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA, waliokuwa wakishughulikia ndege zinazotua kwenye njia zenye maji, walionyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea hutegemea shinikizo la upepo ndani ya tairi. Ukiitumia kanuni yao kwa tairi lenye PSI 40, jibu ni kama kilomita 105 kwa saa. Na tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, hupasua maji kirahisi kuliko la ndege. Hakuna anayefika huko kwa kanyagio. Kinachokutelezesha kwenye lami yenye maji ni mpira mgumu mno, mafuta yaliyomwagika, mistari iliyopakwa rangi na mifuniko ya chuma ya mitaro, na kwa hivyo vyote meno hayasaidii. Kinyume chake, tairi la meno hugusa lami kwa ncha tu, na ukikata kona kwa kasi vinundu vya pembeni hupinda na kuikimbiza baiskeli nje ya mstari.

Kwenye udongo mambo hubadilika, ila si kwa kila udongo. Jino hufanya kazi pale linapoweza kuzama. Vumbi jepesi la volkano chini ya Mlima Meru, majani makavu, udongo mwekundu wa Lushoto baada ya manyunyu: hapo jino huchimba na kushika. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa, ambayo ndiyo barabara nyingi zetu za vumbi, halizami kokote. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Kitengela ng'ambo ya mpaka, meno yaliyobanana hujaa matope ndani ya mita chache hadi gurudumu linagoma kupita kwenye uma. Anayeishi huko anahitaji meno machache yaliyoachana, au ajifunze kubeba baiskeli begani, jambo ambalo wenyeji hulifanya bila aibu.

Kwa anayechanganya lami na vumbi, tairi la kutafuta ni lile ambalo katikati mpira wake umeungana, uwe mstari mmoja au vinundu vifupi vilivyosogeleana sana, na pembeni lina meno ya kiasi. Ukienda wima kwenye lami unakanyaga ile sehemu laini; ukiinama kwenye kona ya kijia, au gurudumu likizama kidogo kwenye vumbi, yale ya pembeni yanaamka. Upana wa 1.95 hadi 2.1 unatosha. Usiogope upana. Kwa upepo uleule, tairi pana hubonyea kidogo kuliko jembamba, kwa hiyo halichoshi kama macho yanavyodhani. Linalochosha ni meno na mpira mnene. Pima tu kwamba kati ya tairi na uma panabaki nafasi ya kupitisha kidole, la sivyo tope la kwanza litakwangua rangi ya fremu.

Sasa upepo, ambao naupa uzito kuliko chapa yoyote. Fizikia yake iko wazi: upepo ndio unaobeba karibu mzigo wote. Gurudumu la nyuma likibeba kilo 55 na tairi likiwa na PSI 40, yaani karibu kilo 2.8 kwa kila sentimita ya mraba, basi eneo linalogusa ardhi ni sentimita za mraba 20 hivi, kama nne kwa tano. Shusha hadi 25 na eneo hilo linapanuka kufika 31. Hujanunua kitu, umegeuza tairi la lami kuwa la vumbi.

Wengi hujaza hadi tairi linagonga kama jiwe, wakiamini ugumu ndio kasi. Kwenye lami mpya kuna ukweli ndani yake. Kwenye kokoto ni hasara, kwa sababu tairi gumu halimezi jiwe, hulipanda: baiskeli nzima na aliye juu yake wanarushwa kidogo kila mara, na nishati iliyokusudiwa kwenda mbele inaishia kutikisa nyama za mapaja na mikono. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 2.0 na tyubu ndani, ningeanza na 40 hadi 45 kwenye lami, 30 hivi kwenye vumbi, la mbele likiwa pungufu kidogo kuliko la nyuma. Ukishuka mno utajua: tyubu hubanwa kati ya jiwe na kingo za rimu, inapata matobo mawili yaliyo sambamba, na unasukuma baiskeli nyumbani. Pampu yenye saa ya kupimia ni bei ya tairi moja la wastani, nayo itakuhudumia kwa matairi mengi yajayo. Kama tyubu yako ina vali kama ya gari unaweza kujaza kituo cha mafuta, ila kwa kugusa-gusa tu. Ile kompresa ilitengenezwa kwa ajili ya malori.

Kuhusu mpira wenyewe, bei nafuu ina maana tatu tofauti, na ni moja tu ya kukimbia. Ya kwanza ni waya. Tairi la bei nafuu lina ukingo wa waya wa chuma, la ghali lina nyuzi za aramidi na linakunjika. Tofauti ni gramu kadhaa. Mwache mshindani azilipie. Ya pili ni nyuzi za kitambaa zilizo chini ya mpira, ambazo idadi yake kwa kila inchi huandikwa TPI. La 27 au 30 lina nyuzi nene na ni zito kidogo, ila ubavu wake huvumilia kukwaruzwa na mawe. La 120 ni jepesi na hukatika upesi. Kwa barabara zetu 30 si aibu, 60 ni anasa inayosameheka. Na usibabaishwe na namba kubwa kwenye tairi la bei ya chini: wapo watengenezaji wanaojumlisha matabaka yote.

Ya tatu ni uzee, na hapo ndipo pa kukimbia. Mpira mbichi ni dhaifu. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa pamoja na salfa hautayeyuka wala kukakamaa ovyo, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja masizi, unga wa kaboni unaoupa weusi na kuufanya usilike upesi. Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1888, mahitaji ya mpira yakapanda ghafla, na vijiji vya Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili vikalipa gharama hiyo kwa mtutu wa bunduki. Kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira Tanga na Muheza. Mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu ya mpira wa Asia, na mengi yakaachwa. Pamoja na dawa zote zilizoongezwa tangu wakati huo, ozoni ya hewani na jua bado vinaupasua mpira, hasa ukiwa umekunjwa au kuvutwa. Watengenezaji huuchanganya na nta inayotoka taratibu hadi juu na kuufunika, lakini inahitaji tairi litembee. Lililoning'inia mwaka mzima kwenye jua la mbele ya duka, au lililosafiri na baiskeli ya mtumba kutoka ghalani Ulaya, linaweza kuwa na meno mapya na ubavu uliokufa. Likunje ubavuni kwa vidole viwili. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, lirudishe hata kama ni nusu bei. Kisha libonyeze kwa ukucha katikati: likikataa kabisa, kama plastiki ya ndoo, litadumu sana na litakuangusha kwenye lami yenye maji.

Kama fedha inatosha tairi moja tu, wengi huliweka nyuma kwa sababu ndiko linakoisha haraka. Mimi nasema liweke mbele, na la mbele lihamie nyuma. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha; la mbele likiteleza uko chini kabla hujajua.

Imebaki miiba. Dhidi ya mwiba wa mgunga au wa uzio wa michongoma hakuna tairi la bei nafuu litakalokuokoa, ila dhidi ya mbigili, ambayo ikianguka vyovyote huacha ncha moja ikitazama juu, utepe mgumu unaowekwa kati ya tairi na tyubu husaidia sana, na fundi anaweza kuukata kutoka kwenye tairi chakavu la barabarani, akichonga kingo zake ziwe nyembamba zisije zikaikwangua tyubu. Dawa ya kuziba pancha nayo hufanya kazi, ingawa kwenye joto ile yenye utomvu hukauka ndani ya miezi michache na inabidi iongezwe. Na ukishapigwa pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa chakavu ndani ya tairi zima, si kidole. Kitanasa pale ncha ilipovunjikia, na utaing'oa kwa koleo kwa upande wa ndani.